Kila Asubuhi Liliwaka

4 Machi

Mwanangu Rula,

Nimekuficha jambo kwa miaka thelathini na mbili, na ninaanza nalo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitajikuta nimemaliza kwa salamu. Gari la wagonjwa alilofia mama yako lilikuwa bovu, na mimi, mkuu wa karakana ya hospitali, nilikuwa nimeambiwa kwamba ni bovu.

Umekua ukisikia, nami nimekaa hapo hapo mezani, kwamba baba yako alizima injini kwa uzembe kwenye kizuizi cha reli na gari likagoma kuwaka. Marehemu mama mkubwa wako alikusimulia hivyo, na mimi nikaendelea kumenya chungwa. Hakuna aliyekuambia kwamba gari lile lilikuwa likigoma kwa miezi minne kabla ya siku hiyo, wala kwamba baba yako aliandika habari hiyo mara tatu kwenye daftari la gari. Mara zote tatu jibu lililo chini ya maneno yake ni la mwandiko wangu.

Barua yako ya mwezi uliopita ndiyo iliyonifikisha hapa. Uliandika kwa utani wako kwamba pikapu ya ofisi ya upimaji inaona uvivu ikishapata joto. Asubuhi inawaka kabla hujamaliza kuzungusha ufunguo, lakini mchana ukiizima ukashuka kupima kiwanja, ukirudi inazunguka tu, haishiki. Ukaniuliza, "Baba Mkubwa, ni ugonjwa gani huu unaochagua saa?" Niliiweka barua chini. Mama anayenihudumia alidhani moyo umenishika tena, akakimbilia vidonge.

Baba yako aliandika karibu maneno hayo hayo.

Nikueleze tulivyofanya kazi. Gari lenye malalamiko liliingizwa karakana jioni, dereva akaacha ufunguo akaenda zake. Saa moja asubuhi nililiwasha mwenyewe mbele ya mafundi. Nilikuwa na sheria moja niliyotoka nayo chuoni, nikaiandika ukutani kwa rangi: TATIZO LISILOONEKANA HALIANDIKWI. Gari lililala kwenye baridi, asubuhi likawaka kwa mguso mmoja. Niliandika, "Limepimwa. Linawaka vizuri." Mara ya pili hivyo, mara ya tatu hivyo. Nilikuwa nampima mgonjwa wa homa saa ambayo homa imeshuka, kisha namwita mwongo.

Madereva waliniita Profesa, na halikuwa jina la sifa. Baba yako alikuwa na mzaha wake. Alisema, "Kaka, gari hili linakuogopa. Likikuona linasimama wima kama mwanafunzi. Njoo mchana ulione likiwa na mimi." Mafundi walicheka. Mimi sikucheka, na mchana sikwenda.

Najua baba yako amekuomba aje akae kwako kwa kuwa macho yanamwishia, na najua hujamjibu. Kabla hujajibu, fahamu kwamba uzembe ule haukuwa wake peke yake.

Kuhusu pikapu, usikubali mtu abadilishe kifaa chochote kabla hamjajua mnatafuta nini. Pima kama unavyopima ardhi. Kwanza sikiliza starta ikiwa moto. Ikijivuta, tazama betri, nyaya zake, na starta yenyewe. Ikizunguka kwa nguvu kama asubuhi na injini haishiki, ugonjwa uko kwenye mafuta. Pili, andika dakika: ukizima na kuwasha papo hapo inakuwaje, baada ya tano, baada ya kumi na tano, baada ya saa nzima. Gari husema kweli ukiliuliza kwa saa yake.

Usinipigie simu. Pumzi hainitoshi, na kwenye simu mtu hujisahihisha.

Baba Mkubwa wako


13 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimekaa kwenye pikapu hiyo hiyo, imegoma, boneti limefunguliwa, dereva wetu anaizunguka kama mtu anayetafuta mlango. Yeye ameshatoa hukumu: gari lina jini la saa sita, tusijisumbue na vipimo. Nikamwambia jini hilo limesoma saa, kwa hiyo na sisi tulisomee saa. Tumepima siku tatu mfululizo, haya ndiyo majibu.

Starta inazunguka kwa nguvu ile ile, asubuhi na mchana. Tukizima na kuwasha papo hapo, injini inashika. Baada ya dakika tano inasuasua, lakini inashika. Kuanzia dakika ya kumi hadi kama ya hamsini haishiki kabisa, hata tupige starta mpaka betri ianze kulia. Ikishapita saa moja na nusu inawaka kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo si betri wala nyaya. Ni mafuta, kama ulivyosema.

Sasa hilo jingine.

Nilikuwa na umri wa miaka sita. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga kamba za viatu, ukanipa rula yako ya mbao ya chuoni nikalala nayo, ndiyo maana mpaka leo mnaniita hivyo. Ulinisikiliza nikisoma kila jioni. Ukiniambia uliandika "linawaka vizuri" kwa sababu uliliona linawaka vizuri, nitakujibu kama ningemjibu mpimaji yeyote ofisini kwangu: ulipima kwa uaminifu saa ambayo siyo. Limeniuma, sitakudanganya. Nilitembea barabarani peke yangu mpaka nikachoka. Lakini nimekusamehe, na kama hilo ndilo lililokukalia kifuani, litoe ulale.

Ila umenipa hesabu ambayo sidhani uliikusudia. Siku zote nilijua baba yangu ni mzembe. Nilidhani alikuwa dereva asiyejua, amefika kwenye kizuizi, akazima kama mtu yeyote angezima. Sasa unaniambia alijua. Alijua kuliko wote, aliandika mara tatu kwa mkono wake kwamba likizimwa likiwa moto haliwaki. Na siku hiyo, mama akiwa nyuma na uchungu wa kuzaa, akalizima.

Asiyejua ningeweza kumpa chumba. Huyu siwezi. Nimemwandikia leo kwamba asije.

Nitumie hatua inayofuata ya pikapu.

Mwanao,
Rula


20 Machi

Mwanangu Rula,

Barua yako imefika jana. Ungesubiri kidogo kabla ya kumwandikia. Lakini wewe huwezi kusubiri, na tabia hiyo umeirithi kwake.

Hatua inayofuata ni hii. Chukua kitambaa, kiloweshe kwa maji baridi, gari likiwa limegoma kifunike juu ya pampu ya dizeli. Rudia kukilowesha kwa dakika mbili tatu. Kisha piga starta. Likiwaka, umepata jibu: pampu imechakaa ndani. Mwambie dereva wako jini linaogopa maji.

Nakuandikia asubuhi kwa sababu mchana siwezi. Kuanzia saa saba hivi kuna mtu anapiga starta nje ya dirisha langu. Mizunguko kumi na miwili, kimya. Kumi na miwili, kimya. Mara ya kwanza nilimwomba mama anayenihudumia akamwambie huyo mtu aache, atamaliza betri. Akachungulia, akasema hakuna gari, Mzee, kuna paka amelala tu. Kesho yake tena. Sasa haendi dirishani, ananifunika shuka na kuniambia, haya, ameondoka. Ni mtu mwema. Anadhani ni dawa zinanichanganya.

Starta siiogopi, nimeishi nayo maisha yangu yote. Kinachonitoa jasho ni kile kimya cha katikati, kwa sababu ndani yake inakuja sauti ya mwanamke nyuma ya ukuta, taratibu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua. "Tumefika?" Kisha kumi na miwili tena.

Nilikuwemo, mwanangu. Ndani ya gari lile, kiti cha mbele, pembeni ya baba yako. Mama yako alikuwa shemeji yangu, nisingeweza kubaki nyumbani. Nimeona ujue, maana ninataka unielewe ninaposema kwamba hukumu yako juu yake ni kali mno. Nilimwona siku ile. Hakuwa mzembe. Huenda hata injini haikuzimwa na mtu. Tulisimama kwenye kizuizi kwa muda, jua kali, gari kuukuu. Injini za namna ile hujifia zenyewe mara nyingine. Kwenye uchunguzi wa kifo kile mambo yaliandikwa haraka haraka, na baba yako hakuwa mtu wa kujitetea.

Mwandikie tena. Mwambie ulikuwa na hasira.

Baba Mkubwa wako


29 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Maji yamefanya kazi. Dakika ya ishirini baada ya kuzima, imegoma kabisa. Kitambaa dakika tatu, ikawaka mara moja. Dereva alirudi nyuma hatua mbili. Tuliipeleka kwa fundi wa pampu, mama mmoja wa makamo ambaye wanaume wanamwogopa, na hakunipa hata kiti kabla ya kunieleza. Amesema dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi, inavuja katika sehemu zilizochakaa ndani ya pampu, na kwa mwendo mdogo wa starta pampu haiwezi kuisukuma mpaka kwenye injini. Lakini injini ikishawaka inazunguka kwa kasi, na pampu inamudu.

Nikamuuliza swali moja zaidi, kwa ajili yako. Nikasema, je, injini yenye ugonjwa huu inaweza kujizima yenyewe ikiwa inanguruma, gari limesimama, juani? Alinitazama kama nimemuuliza iwapo samaki anaweza kuzama. Akasema, "Dada, ugonjwa huu ni wa kuwaka. Ukiiacha inanguruma, itanguruma mpaka dizeli iishe. Ndiyo maana madereva wenye magari haya hawazimi."

Nimejaribu mwenyewe. Kwa muda wa saa mbili na dakika kumi, juani, pikapu imesimama, nimekaa pembeni na saa mkononi. Haikukohoa.

Kwa hiyo siku ile kuna mtu aliyeizima injini. Na wewe unajua hivyo, maana ulifundisha magari miaka kumi na tisa baada ya kutoka karakana. Umeniandikia kitu ambacho ungemfelisha mwanafunzi kwa kukisema.

Sikukasirika kwa sababu ya uongo. Nilidhani nimeelewa: unamkinga mdogo wako. Lakini kuna jambo haliniachi. Miaka thelathini na mbili hukuwahi kuniambia ulikuwemo. Nikiwa msichana niliwahi kukuuliza ulikuwa wapi siku ile, ukanijibu, "Kazini." Nakumbuka hata shati ulilovaa.

Sijamwandikia tena. Sina la kumwambia.

Rula


8 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Anayeandika ni jirani yangu, fundi cherehani, kwa kuwa mimi sasa naona vivuli tu. Kwa hiyo nitasema yale yanayoweza kupita mikononi mwa fundi cherehani. Hapa anacheka, lakini anaandika.

Barua ya mtoto imefika. Nilisomewa mara mbili. Mara ya pili nilimwomba asome polepole, akadhani sikusikia vizuri. Nilisikia. Nilitaka kujua anaandikaje. Anaandika vizuri, sentensi fupi, kama wewe. Anasema nilijua. Ni kweli, nilijua, na sina ubishi naye.

Naona umemweleza habari za daftari. Sikukuomba, Kaka. Yale tuliyosema wewe na mimi siku ile kwenye korido, kabla hatujaitwa ndani, mimi sijayavunja, na siyo kwamba yamekuwa mepesi. Usiongeze neno. Mtoto amekulia mikononi mwako. Baba anayemjua ni wewe. Huyu mwingine alikwisha kumpoteza, ameshazoea. Usimnyang'anye baba wa pili akiwa mtu mzima, hatapata mwingine.

Mimi nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee. Wananipokea tarehe 30. Wanasema kuna redio. Nimewaambia nilikuwa dereva, wakaniambia vizuri, hapa huhitaji kwenda popote.

Wewe kula, meza dawa zako. Ukisikia pumzi inakataa, keti wima, usilale chali.

Mdogo wako

Mzee ameondoka kwenda kuoga, naongeza mimi mwandishi. Nisamehewe, siyo kazi yangu. Amesema nisiandike kwamba hali chakula, basi siandiki. Ameniomba nimshonee jina lake kwenye mashuka yote na kwenye kola za mashati, kwa sababu amesikia kule nguo huchanganywa. Nimeshona kumi na moja. Kila nikimaliza moja anaipapasa kwa kidole kuhakikisha jina lipo. Kama kuna ndugu, nadhani huu ndio wakati.


15 Aprili

Mwanangu,

Mdogo wangu ameniandikia nisiongeze neno. Kwa maisha yake yote nimekuwa nikimwambia la kufanya, na mara moja tu aliyoniambia yeye, nilitii kwa miaka thelathini na mbili kwa sababu utii huo ulinifaa. Leo sitamtii. Naandika kidogo kidogo, tangu asubuhi. Mwandiko ukibadilika ujue nilipumzika.

Barua hii ukiipata kabla ya tarehe 30, usije kwangu. Nenda kwake. Nakuambia hili mwanzoni kwa sababu ukifika mwisho hutataka ushauri wangu.

Siku ile tulimchukua mama yako kwenye zahanati ndogo saa sita. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, wakasema hapa hatuwezi, mpelekeni hospitali kubwa. Nyuma alilazwa yeye na muuguzi. Kati ya nyuma na mbele kulikuwa na ukuta wa bati wenye dirisha dogo la kioo kilichopakwa rangi, sauti inapita lakini huoni kitu. Mbele, baba yako na mimi.

Pale zahanati, muda wote mama yako alipokuwa anaandaliwa, baba yako aliiacha injini inanguruma. Mganga wa zahanati akatoka akamuuliza kwa nini anatujaza moshi. Baba yako akamjibu, mbele yangu na mbele ya watu, kwamba gari hili likizimwa likiwa moto haliwaki, na karakana imeandika kwamba ni zima. Watu wakanitazama. Walijua mimi ni nani. Akaongeza, akicheka, kwa sababu alikuwa na hofu na yeye akiwa na hofu hucheka, "Muulizeni Profesa."

Hilo tu ndilo alilonikosea. Kicheko kimoja.

Njiani tulibishana kwa sauti za chini. Nilimwambia amenivunjia heshima. Akasema, Kaka, tutaongea baadaye. Nikasema nimeliwasha gari hili mara tatu kwa mikono yangu. Akasema, asubuhi, Kaka. Kila asubuhi linawaka. Mama yako aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti ile niliyokueleza, kama tumefika. Baba yako akamjibu, bado kidogo, mama, bado kidogo.

Tukakuta kizuizi cha reli kimeshuka. Injini ya treni ilikuwa inapanga mabehewa ya mizigo, inasogea mbele, inarudi nyuma, haina haraka na mtu. Tulisimama, injini yetu inanguruma. Kilichotokea baada ya hapo nitakirudia. Kwanza nikueleze yaliyofuata, maana hayo nina nguvu nayo.

Baada ya dakika kama kumi na moja kizuizi kilipanda. Gari lilikuwa kimya. Baba yako alipiga starta. Ilizunguka kwa nguvu, kama ya pikapu yako, na haikushika. Mizunguko kumi na miwili, anaacha betri ipumue, kumi na miwili. Kati ya hizo tulimsikia mama yako. Baba yako akashuka na dumu la maji ya kunywa, akataka kuimwagia pampu. Alikuwa ameshagundua dawa hiyo mwenyewe kwa miezi minne ya kuhangaika, dereva aliyeishia darasa la saba. Nikamshika mkono. Nikamwambia utapasua chuma, tatizo ni nyaya za betri. Nikafungua nyaya, nikazikwangua, nikazikaza, mimi mwenye cheti. Nilichukua karibu dakika ishirini na tano. Aliniachia, Rula. Alikuwa amesimama na dumu mkononi, ananiachia, kwa sababu mimi ndiye kaka na mimi ndiye fundi.

Nilipomaliza haikuwaka. Ndipo akamwaga maji. Ikawaka mara moja.

Muuguzi alikuwa amegonga kile kioo muda mfupi kabla. Alisema tunaweza kwenda polepole sasa. Mama yako alikuwa amefariki, na mdogo wako hakuzaliwa.

Kwenye uchunguzi walikuwa watu watatu nyuma ya meza. Muuguzi alieleza kwamba alisikia injini ikizimika mara tu baada ya kusimama kwenye kizuizi, hakuona ni nani. Katika korido, kabla hatujaitwa, baba yako aliniambia maneno machache, na nitakupa yote. "Nitasema ni mimi. Mtoto lazima abaki na mtu, na mimi nikimtazama usoni namwona mama yake. Wewe una kazi na una mke. Mchukue." Nikafungua mdomo. Alinitazama mdomo wangu ukiwa wazi, akasubiri. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo: alisubiri. Ilikuwa nafasi ya kusema hapana, tena aliiacha ikae wazi muda mrefu kuliko nilivyostahili. Nikafunga mdomo.

Ndani walimuuliza nani alizima injini. Akasema mimi. Wakaniuliza kama ninathibitisha. Nikasema ndiyo.

Walimfukuza kazi wiki ile ile. Wewe uliletwa nyumbani kwangu na mfuko mmoja. Siku ya kwanza uliniuliza kama wewe sasa ni mtoto wangu, na nilifurahi, mwanangu. Sitakuficha na hilo. Mimi na mama mkubwa wako hatukujaliwa, na nilifurahi. Kila alipokuja kukuona ukajificha nyuma ya mlango, nilimsindikiza mpaka njiani na tukaongea habari za mvua. Alikuwa akiniuliza viatu vyako ni namba ngapi. Ulipoanza kumchukia sikukukataza. Nilijiambia mtoto hupoa. Hukupoa, kwa sababu kila ulipotaka kupoa palikuwa na mtu mezani aliyekaa kimya.

Sasa ninarudi pale kwenye kizuizi, kabla ya yote hayo.

Tuliposimama, baba yako aliona treni haina dalili ya kuondoka. Akafungua mlango ili akamwombe mlinzi wa kizuizi atupitishe katikati ya mabehewa. Kabla hajashuka alinigeukia. Alinijua vizuri, tulilala kitanda kimoja tukiwa watoto. Akasema, "Kaka, siku nyingine nitakuonyesha. Leo usiguse." Akaruka chini, akakimbia kuelekea kibandani. Nilimwona akimwonyesha mlinzi gari kwa mkono, mlinzi akitikisa kichwa.

Nilibaki peke yangu mbele. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, bila kukohoa. Niliisikiliza kama nilivyozoea kusikiliza, na sikusikia ugonjwa wowote. Nilikumbuka watu wa zahanati walivyonitazama. Nikaona hapa gari liko moto, saa ni ya mchana, na tuna dakika za kutosha. Hiki ndicho kipimo alichokuwa akinidai miezi yote minne. Nikajiambia kizuizi kitakapopanda nitaliwasha kwa mguso mmoja mbele ya macho yake, na maneno yataisha. Nilitazama hata saa yangu ya mkononi, ili niandike muda.

Nikajisogeza kwenye kiti chake, nikanyoosha mkono, nikazungusha ufunguo. Aliyezima injini ni mimi.

Kaka wa baba yako